Kuku, Muulize Jina Lake

Mama mkwe wangu Ngoie, kwa miaka yote niliyomjua, ameniita "ule muntu" tu. Si tusi. Kwetu Baluba mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawali mmoja mbele ya macho ya mwingine, na hawatajani majina. Desturi hiyo tunaiita buko; jina lake naliandika tu, mdomoni haliingii. Akija kumwona binti yake, mimi napita nyuma ya nyumba. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani, nageuka, nangoja apite, hata kama nimevaa shati jeupe la kazi na majani yana umande. Akiwa na neno kwangu, anamtuma mtu wa katikati. Mimi pia hivyo hivyo. Wazungu wa gare, stesheni yetu ya reli, wakiniona nimesimama vichakani wanacheka. Wacheke. Wao wanaketi meza moja na mama wakwe zao, na kelele zao nimezisikia kutoka dirisha la ofisi.

Mimi ni mtu wa telegrafu, gare ya Kamina, tangu mwaka wa 1941. Kazi hiyo imenifundisha kuchukia maneno mengi. Mama Ngoie hakufundishwa hivyo. Ni mjane, analima mihogo na karanga katika kijiji kilichoko kilomita kumi na mbili kutoka mjini, na kila Jumapili anatembea hizo kilomita kwenda misa na kurudi, njia nzima akisema. Anasema juu ya mvua, juu ya nguruwe wa majirani, juu ya mahubiri ya padri kuwa marefu. Nilipotaka kumwoa binti yake Germaine, mwaka wa 1947, alisema juu yangu.

"Hana mama, hana baba, hana shamba," alisema. "Kwabo ni wapi? Ku waya ya telegrafu?"

Uongo haukuwamo. Nilizaliwa Bukama. Mama yangu alikuwa anauza samaki pale mashua zinapofika, naye alikufa nikiwa na miaka tisa. Mapadri walinilea, halafu reli ikanichukua. Germaine alijua yote hayo akanitaka hivyo hivyo, na Mama Ngoie akashindwa. Padri aliposoma kanisani majina ya wanaotaka kuoana, mama alitoka nje asilisikie la kwangu. Na siku ya kumtoa Germaine nyumbani, mbele ya mashangazi wote, alimaliza hasira yake kwa neno moja.

"Siku nitataja jina la ule muntu, njo siku utazaa."

Kila mtu alielewa. Mama mkwe hataji jina la mkwe wake, leo wala kesho. Maana yake ilikuwa kamwe. Mashangazi walishika midomo. Baadaye Kisimba, kaka yake Germaine, aliniambia mama yao alijuta kabla hata ya kulala. Lakini neno likishatoka nani atalirudisha mdomoni? Tulikaa miaka mitano bila mtoto. Mimi sikuamini. Germaine aliniambia haamini. Mashangazi walihesabu miaka.

Mwaka wa 1952 Germaine akapata mimba. Muuguzi wa misheni alimpima akasema nyonga zake ni nyembamba, azalie Elisabethville kwenye madaktari wa kupasua. Nilimpandisha gari la moshi mwezi wa saba, miezi miwili kabla ya siku zake, na kila jioni Edmond, mwenzangu wa telegrafu kule Elisabethville, alinitumia maneno mawili: ni mzima.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, mashine ikaita. Niliandika ninachosikia, herufi kwa herufi, kama ninavyoandika juu ya mabehewa na mafuta. "Germaine kwenye uchungu tangu jana. Mtoto hapiti. Anakataa kupasuliwa. Anaita mama yake." Nikamaliza, nikapiga muhuri, nikaandika saa, nikaona jina la mpokeaji. Basi nikajipelekea mwenyewe.

Nikamuuliza Edmond: anakataa kwa nini? Akajibu polepole, nadhani aliona haya. Germaine anasema mtoto ameshikwa na neno la mama. Mama akitaja jina la mume, atapasuliwa. Asipotaja, hata akipasuliwa atakufa, na afadhali afe bila kisu. Daktari anasema yuko tayari wakati wowote leo hii, lakini kesho haahidi kitu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia Germaine, mtu aliyesoma kwa masista miaka sita! Nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu kidole changu kilikosea herufi, na mimi sikosei herufi.

Gari la moshi la kwenda huko lingepita kesho adhuhuri na kufika keshokutwa. Nilikwenda kwa chef de gare, mkuu wa stesheni, mzungu mkavu ambaye tangu aje hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani. Alisoma karatasi. Hakusema pole. Aliinua simu, akapiga kule kambi ya ndege ya wanajeshi, akazungumza kwa dakika kumi, akaweka simu. Ndege ya barua inaondoka saa nane mchana. Nafasi ni mbili, ya mume na ya mama. Hakuna ya tatu.

Hapo mtu asiye wa kwetu haoni shida. Mimi niliiona mara moja. Kisimba ndiye mtu wetu wa katikati, na Kisimba hana nafasi.

Kisimba alichukua baiskeli. Saa saba na nusu alirudi ameloa jasho, mama yuko nyuma kwenye kiti cha mizigo, miguu imeoshwa, kitambaa cha Pasaka mabegani, na kuku mweupe mikononi amefungwa miguu. Kuku huyo ni wa kusafisha neno. Anayefuta neno lake haendi mikono mitupu. Nilitazama ukuta wa gare wakati Kisimba ananieleza.

"Nilimukuta mu shamba," akasema. "Nikamwambia ya Germaine, nikamwambia ndege. Hakuuliza ndege ni nini. Aliuliza: itafika mbele ya jua kushuka? Nikasema ndiyo. Akasema: basi tuende."

Kambini alitupokea mzungu kijana wa jeshi, fundi wa ndege, mwenye mizani. Alipima magunia ya barua, akanipima mimi, halafu akamwonyesha mama apande. Niligeuka. Lakini yule mzungu hakuwa na akili ya buko, akasoma kwa sauti ya kufika mpaka Kabondo-Dianda, stesheni ya mbali: "Kilo sitini na nne, na kuku!"

Masikio yangu yaliwaka. Sasa ninajua uzito wa mama mkwe wangu. Nani mwingine katika Kamina nzima anajua kitu kama hicho?

"Bananipima sawa gunia ya mihogo," nilisikia mama akimwambia Kisimba. "Na kuku naye. Aandike vizuri, kuku si yangu tena."

Kisimba alishika mkono wa mama yake mpaka kwenye ngazi. Akabaki chini. Ndani ya ndege hapakuwa na viti kama vya gari la moshi. Palikuwa na mabenchi mawili ya chuma kwenye ubavu wa ndege, huku na huku, yanatazamana. Magunia yalijaza nyuma yote. Nafasi iliyobaki kwenye benchi la kulia ilikuwa moja, na kwenye benchi la kushoto moja, uso kwa uso, magoti karibu yagusane. Nilitaka kushuka. Nasema kweli, kwa dakika moja nilitaka kushuka na kumwacha aende peke yake, na Germaine yuko kule.

Nilikaa nimegeuza shingo mpaka ikauma. Ndipo nikasikia sauti yake, safari hii bila Kisimba.

"Kuku," akasema. "Ambia ule muntu afunike kichwa."

Kuku alikaa kwenye magoti yake akipepesa macho. Nikavua koti, nikajifunika kichwa. Nikasikia kitambaa kikisugua. Naye alikuwa anajifunika.

Fundi akaja kufunga mikanda. Akatukuta watu wawili wamekaa wanatazamana chini ya nguo kama samani za marehemu. Akacheka sana, akasema kwa Kifaransa kwamba tusiogope. Mimi sikuogopa ndege hata kidogo, sikupata nafasi. Akanifunga, akageukia kwa mama, nikasikia kofi.

"Mwambie mama yako," fundi akaniambia, "bila mkanda hatuondoki."

"Si mama yangu," nikajibu. Halafu nikavuta pumzi. Sijawahi kuona haya kama siku ile, mtu mzima, karani wa telegrafu mwenye cheti. "Kuku," nikasema ndani ya koti. "Ambia mama ajifunge ule mukaba."

Nikasikia mkanda ukivutwa. Halafu akajifunga. Alifunga fundo, kama mtu anavyofunga mtoto mgongoni, mafundo mawili na moja la juu. Fundi akatazama, akainua mikono, akaenda zake mbele.

Ndege ikanguruma. Kelele ile sina namna ya kuieleza, ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Tukakimbia, tukatikisika, halafu kutikisika kukaisha ghafla, tukawa hewani. Nilitazama kwa upenyo wa koti. Kwenye dirisha dogo niliona reli, uzi mwembamba, na moshi wa treni moja inayokwenda Bukama. Miaka kumi na moja nimeongoza treni zile kwa kidole, sikujua ni kitu kidogo vile.

Mama hakutazama nje. Alikuwa anasali, niliona mdomo tu chini ya kitambaa. Baada ya nusu saa hivi tukaingia mawinguni na ndege ikaanguka. Haikuanguka, fundi alisema baadaye, ilishuka tu. Kwetu sisi ilianguka. Magunia yaliruka, koti langu likaruka, na kuku akaruka, kamba imekatika, manyoya usoni mwetu. "Yoo, mama yangu!" Mama alipiga kelele. Nikamdaka kuku kwa bawa. Nilipoinua kichwa, kitambaa chake kilikuwa begani, naye alikuwa ananitazama.

Ni uso wa mwanamke aliyechoka. Una kovu dogo kwenye nyusi. Macho ni ya Germaine. Hakuna aliyeniambia ana macho ya Germaine, nani angeniambia?

Tuligeuka wote wawili. Nikanyoosha mkono, nikamrudisha kuku bila kutazama, na vidole vyake vikagusa vyangu. Nikajifunika tena. Muda ukapita. Niliwaza saa. Saa tisa. Kwa Germaine ingekuwa saa ya ngapi ya uchungu?

"Kuku!" mama akaita, kwa nguvu kushinda mashine. "Ambia ule muntu: lile neno lilikuwa ya hasira. Miye njo niko mubaya. Lakini mutoto hana kosa."

"Kuku," nikapiga kelele, "mwambie mama najua."

"Kuku! Nitataja jina. Kama ni haya, ni haya yangu. Lakini jina lenyewe siijui! Muulize jina lake!"

Nikashangaa, halafu nikaelewa. Alitoka kanisani asilisikie. Miaka mitano watu wote wamelificha mbele yake kwa heshima, kama wanavyopaswa. Alikuwa anakwenda kufungua mlango ambao ufunguo wake hakuwahi kuushika.

"Amédée!" nikapaza sauti.

Alitikisa kichwa, nikaona kwa upenyo. "Ile ya padri, hapana! Sitaki kudanganya mutoto wangu. Ile mama yako alikuwa anakuita. Jina ya mu tumbo, ya kuzaliwa nayo!"

Hilo silo jina nililoandikishwa kazini. Halimo kwenye cheti. Germaine analijua kwa sababu nilimwambia mara moja, na hakulitumia. Nilisema, lakini mashine ikalimeza. Nikasema tena, mama akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Kumpigia mama mkwe kelele usoni haiwezekani. Basi nikafungua mkanda wangu, nikapiga magoti sakafuni kati ya mabenchi nikiwa nimempa mgongo, nikaegemea nyuma mpaka kuku akawa karibu na shavu langu.

"Kuku! Ninaitwa Mwenze!"

Nikarudi mahali pangu. Kuanzia hapo mpaka tunashuka, chini ya kitambaa mdomo ulikuwa unatembea tena, na sikujua kama ni rozari au ni mimi.

Ndege ikatua saa kumi kasoro robo. Fundo la mkanda liligoma. Fundi alileta kisu, mama akamfukuza, akalifungua kwa meno yake mwenyewe. Edmond alikuwa anangoja na gari la kubeba barua.

Hospitalini mtawa mmoja mzungu alisimama mlangoni akasema kuku haingii. Mama hakumbishia. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikapokea kuku. Akaingia. Mimi nikabaki nje ya mlango uliokuwa wazi, mgongo ukutani, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na buko ni buko. Nilisikia pumzi ya Germaine. Ilikuwa pumzi ya mtu anayepandisha mzigo usiofika juu.

"Mama," Germaine akasema. "Umekuja kweli?"

"Niko hapa. Nilisema neno mubaya juu yako, mbele ya bamashangazi. Leo ninalitoa, na hawa bamasista basikie." Akalitaja. "Mwenze."

Halafu kwa nguvu, kwa sauti ile ile ya angani: "Mwenze! Mwenze, mume wako! Basi, zaa!"

Mtu wa mwisho kuniita hivyo alikuwa anaita kutoka kwenye mashua za Bukama, niende nimsaidie kikapu. Nililia. Nasema wazi, nililia pale kwenye ukumbi, kuku kwapani, wazungu wanapita.

"Nani alikuambia?" nilimsikia Germaine.

"Kuku," mama akajibu.

Na mke wangu, katika hali ile, akacheka. Kicheko kikakatika kwa uchungu, lakini kilikuwa kicheko. Akasema, "Leteni daktari." Wakaniletea karatasi, nikaitia saini nikiiegemeza ukutani. Saini ile haifanani na yangu.

Mtoto alitoka kabla jua halijashuka. Wa kike. Germaine alilala siku tatu akiwa na homa, siku ya nne akaomba samaki. Mtawa aliandika cheti, akauliza jina. Mama ndiye aliyejibu, kutoka kona yake: "Mwenze."

Mashangazi walipiga kelele tuliporudi. Jina la mkwe! Sasa bibi atamwita mjukuu namna gani? Mama akawaambia ni jina la mjukuu wake, yeye hajui mtu mwingine mwenye jina hilo. Alikuwa amerudi kwa gari la moshi. Ndege hakutaka hata kuisikia. Na siku ya kwanza aliyokuja kumwona mtoto kwetu, kambi ya wafanyakazi wa reli, mimi nilipita nyuma ya nyumba. Nilikuwa "ule muntu" tena. Kisimba akarudia kazi yake ya katikati. Kuku mweupe tulimweka, akataga sana, mwishowe akachukuliwa na mwewe.

Miaka imepita sita. Mwaka jana miguu ya mama ilikataa shamba, akaja kukaa kwetu. Nyumba ya reli ina vyumba viwili, kwa hiyo nimejua kila kichaka cha nyuma. Ninamsikia kutwa: Mwenze nawa mikono, Mwenze acha paka, Mwenze una kichwa kigumu. Nimezoea. Huwa nasimama kidogo kabla ya kuingia kwangu.

Alhamisi iliyopita nilitoka zamu ya usiku saa nne asubuhi. Germaine alikuwa amekwenda sokoni. Nilikuwa napita nyuma, nimeinamisha kichwa, njaa inauma, niliposikia sauti ya mama kutoka jikoni.

"Mwenze! Kuja kula, bukali bunapoa."

Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda sahani imefunikwa na nyingine. Yeye alikuwa ndani, amekaa chini, amenipa mgongo, anachambua mboga.

Mtoto alikuwa ameshakwenda shule tangu saa moja. Nikafunua sahani. Bukali, ugali wetu, na samaki wa Bukama. Nikakaa, nikampa mgongo na mimi, nikala yote.